Mchekeshaji Niliyemzimia Maiki

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh sikugusa mtambo wowote. Mhandisi Mkuu, Mmisri mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alinipa rundo la nyaya zilizosokotana kama utumbo wa ng'ombe, akasema, "Zikunje." Nilikuwa nimetoka Mombasa na sifa zangu: maharusi, mihadhara, mikutano ya siasa, nani hakunijua? Nikazikunja kwa kuzungushia kiwiko, kama tulivyozoea. Akaja, akazikung'uta zote chini.

"Waya una tabia yake, Othmani. Ukiuzungushia kiwiko unaukata ndani kwa ndani, kisha utakuaibisha mbele ya watu. Ufuate unakotaka kwenda."

Hivyo Athumani wa Majengo nikawa Othmani, na kazi niliyodhani naijua nikaianza upya.

Enzi zile hatukuwa na kompyuta ya kupimia ukumbi. Mhandisi Mkuu alisimama katikati, akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi unavyorudi, kisha akaonyesha kwa kidole spika zikae wapi. Hakukosea. Kampuni yetu ilihudumia mikutano ya madaktari na harusi za mahotelini. Harusi za wanawake tulizipigia sauti tukiwa nyuma ya pazia zito, wala hatukumwona hata mtu mmoja. Tulijua bibi harusi ameingia kwa vigelegele tu. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa kwenye kiduka cha Al-Dirah, mabega yakiuma, tukibishana nani jana maiki ilimlilia. Maiki hulia ikisikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, na kwetu hiyo ilikuwa fedheha kuliko kudondosha sahani.

Mzee yule aliporudi kwao Misri, tulipewa Msimamizi wa Hafla, kijana aliyesoma ng'ambo, mwenye adabu na mwenye haraka. Nyakati nazo zilikuwa zimebadilika: waimbaji wakaanza kuletwa, kisha wachekeshaji. Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa mikisa, ile meza yenye vitufe vya kuteleza tunavyoviita fada. Kila maiki ina fada yake. Ukiipandisha, mtu anasikika; ukiishusha, ameondoka duniani.

Ndipo akaja Cuthbert.

Alitoka kisiwa kimoja kidogo cha Karibiani, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi za kidevuni. Kwao alikuwa amefukuzwa redioni kwa kumtania Waziri Mkuu. Msimamizi hakulijua hilo. Alimwona kwenye simu, akacheka, akampa mkataba wa maonyesho mawili, Riyadh na Jeddah. Na kwa bahati iliyoje, wiki hiyohiyo ujumbe wa serikali ya kisiwa chake ulikuwa Riyadh kutafuta wawekezaji. Msimamizi akaona ni heshima kuwaalika wamtazame mwana wa kwao. Waziri wao akaketishwa mstari wa mbele.

Mchana, tulipokuwa tukijaribu mitambo, Msimamizi alinijia. "Othmani, mkataba unamkataza kuwasema watawala. Akianza, shusha fada. Usiningoje mimi."

"Hadhir, bosi, nimesikia," nikamjibu.

Cuthbert alianza polepole, akiwatania watu wa mizigo uwanja wa ndege. Kisha akasema, "Waziri Mkuu wetu alizindua daraja. Daraja zuri mno. Tatizo ni kwamba kisiwa chetu hakina mto. Tulipomuuliza, akasema: mto utakuja, tumeshauagiza." Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, kwani kwetu pia nimeyaona madaraja ya namna hiyo. Akaendelea, "Kamati ya kununua mto imezunguka dunia nzima. Na leo, jamani, nimeiona hapa, mstari wa..."

Nikashusha fada.

Midomo yake iliendelea kucheza kidogo, kisha akaitazama maiki, akaigonga kwa ukucha. Hakutafuta kosa kwingine. Alinyanyua uso akatazama moja kwa moja kule nyuma nilikokaa. Akainama kwa watu, akashuka. Msimamizi alinipiga bega. "Mia kwa mia, Othmani." Nimesifiwa mara nyingi katika kazi yangu, lakini sifa ile sikuwahi kumsimulia mke wangu.

Tulisafiri kwenda Jeddah. Sisi mafundi tulilazwa kwenye nyumba ya kupanga Bani Malik, na siku ya pili Cuthbert akaja mwenyewe, amekichoka chakula cha hoteli. Nikampakulia wali wa nazi na samaki. Tulipokuwa tukila nikaona siwezi kumeza bila kusema.

"Ni mimi niliyekuzima kule Riyadh."

"Najua."

"Kibali changu cha kuishi, ile ikama, kiko mkononi mwa kafili, mwajiri aliyenileta. Nina watoto wawili wanasoma."

"Kwetu aliyenizima redioni ni shemeji yangu," akasema. "Na Jumapili tunakula pamoja. Hofu naijua, ndugu yangu, nimezaliwa nayo nyumba moja. Niambie jambo moja tu. Kabla hujanizima, ulicheka?"

"Nilicheka."

"Sana?"

"Sana."

"Basi nipe samaki mwingine."

Onyesho la pili lilikuwa kwenye ukumbi wa Al-Rawdah. Safari hii Msimamizi alimwandikisha kila neno, akalipitia kwa kalamu nyekundu. Hakukuwa na daraja, hakukuwa na kamati. Yule waziri, ambaye ujumbe wake nao ulikuwa umefika Jeddah, alikuja tena, na nyuma yake walijaa wauguzi na walimu wa kisiwa chao wanaofanya kazi mjini humo. Msimamizi akaketi kando yangu, karatasi mkononi, akifuatisha kwa kidole.

"Bibi yangu," akasema Cuthbert, "alikuwa na jogoo aliyeamini kwamba jua huchomoza kwa sababu yeye amewika. Siku moja akapitiwa na usingizi hadi adhuhuri. Kuamka, jua liko utosini. Akaita mkutano wa kuku wote, akawaambia kwa hasira: kuna mtu humu ameliamsha jua bila kibali changu!"

Aliwika, akatembea jukwaani kifua mbele, mkono mmoja mgongoni. Wauguzi walipouona ule mwendo, wakapiga yowe. Mmoja aliinuka akajipepea kwa kitambaa. Waziri alikaa kama aliyepigwa msumari kitini.

Msimamizi akaitazama karatasi yake, akanitazama mimi. "Wanacheka nini hivi? Anamsema nani?"

Nilikuwa na kidole juu ya fada. Nilijua vyema ni Waziri Mkuu wao anayetembea hivyo. Cuthbert alikuwa ameniigizia kule Bani Malik, tukicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Ni jogoo, bosi," nikasema. "Jogoo tu."

Nikaipandisha kidogo, ili na walio nyuma wasikie.

Malalamiko yalimfikia Msimamizi asubuhi. Aliniita, hakupandisha sauti. "Othmani, ulielewa?"

"Nilielewa, bosi."

Akachezea kalamu. "Halas, yamekwisha," akasema. Nikahamishiwa ghala la Riyadh, na mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Cuthbert alipotua kwao walimnyang'anya pasipoti, akakaa miezi bila kazi, akila kwa shemeji.

Sasa niko Majengo, na vijana wenye mitambo mizuri hunijia niwafunze. Nawaambia ukweli: miaka ile ilikuwa mizuri. Naikumbuka chai ya Al-Dirah, naukumbuka ukumbi uliotii kofi moja la yule mzee. Nawafundisha kukunja waya. Lakini huwaambia pia kwamba anayeketi kwenye mikisa ameshika ulimi wa mtu mwingine, na ipo siku ataamrishwa aukate. Siwaambii watafanya nini. Mimi nilifanya yote mawili.

Mwezi uliopita Cuthbert alipiga simu. Serikali yao ilishindwa uchaguzi, na Waziri Mkuu mpya akamrudisha redioni kwa heshima zote, hata picha wakapiga.

"Hongera!" nikamwambia.

"Asante. Nilidumu wiki mbili."

"Ukafanya nini tena, Cuthbert?"

"Huyu mpya naye," akasema, "ana mwendo wake."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia akae kitako, ni kisa kirefu, na kinaanzia usiku mmoja wa Riyadh ambao sikuwahi kumsimulia.