Nilizima Sindano, Shemeji Akavunjika Mgongo

Kosa ni langu. Si la ukungu, si la ndege, na si la shemeji yangu, nimwite Mwangi, ingawa nilimwangushia yeye.

Miaka ya tisini nilikuwa rubani wa kubeba maua kutoka shamba moja kati ya Ruiru na Thika. Mwangi, kaka wa bibi yangu, alikuwa msaidizi wangu.

Mnajua Julai ya huku. Ukungu unalalia kahawa na uwanja wa ndege hauuoni. Kwa hivyo shamba liliweka mtambo wa redio kando ya uwanja, na ndani ya ndege kuna sindano, kama ya dira, inayouelekea mtambo huo. Ukishuka mawinguni unafuata sindano. Ndivyo tulivyofundishwa.

Lakini mimi nani! Binamu aliniletea GPS kutoka Amerika, kitu kidogo cha kushika mkononi, kinachokuonyesha uko wapi. Wueh, nilivyoringa! Sindano nikaidharau, eti ikisikia radi inayumba kama mlevi.

GPS haikujua uwanja wetu, basi nikatoa namba kwa ramani ya zamani ya serikali, nikaingiza mwenyewe. Kumbe ramani hiyo na mashine hiyo hazipimi dunia sawa! Namba ni zile zile, mahali ni pengine. Siku za jua sikugundua, maana nikiuona uwanja nilijielekeza kwa macho.

Asubuhi hiyo tukirudi shambani tulishuka bila kuona kitu.

"Shemeji, sindano inasema uwanja uko kushoto."

"Hiyo imezeeka. Wachana nayo."

"Basi tupande juu tujaribu tena."

"Wacha uoga, Mwangi! Hii inaongea na setilaiti."

Akarudia. Nikanyoosha mkono, nikaizima sindano. Ngai! Huu mkono nauchukia mpaka leo.

Tulitoka mawinguni tukiwa juu ya mikalitusi, tukaigonga. Uwanja ulikuwa kushoto, pale pale alipokuwa anasema. Mimi nilipata mkwaruzo usoni. Mwangi alivunjika mgongo na hatembei tena.

Mnafikiri nimemaliza? Bado! Wachunguzi walipokuja, GPS nilikuwa nimeificha kwa koti. Nikawaambia Mwangi ndiye alikuwa anasoma sindano, akaisoma vibaya. Mtu amelala hospitali, hawezi hata kugeuka, na mimi namzika hivyo!

Bibi yangu aliniuliza tukiwa jikoni kwetu Kahawa Sukari. "Ni wewe uliizima?"

"Si mimi."

"Mwangi hajawahi kunidanganya tangu tukiwa watoto."

Alipanga nguo zake akaenda kwao Kiganjo kumtunza kaka yake. Nilipomfuata, mama mkwe alinisimamisha kwa geti. Hakunikaribisha hata chai.

"Mwangi amesema usiingie. Amesema kama umeleta ukweli, upeleke kule ulikopeleka uongo."

Sikupeleka. Niliogopa kunyang'anywa laiseni. Bado naruka, na watu bado wanamwita Mwangi yule aliyeangusha ndege.

Wewe uliye na kitu kipya na unajiona umeerevuka, mwenzako akikwambia umepotea, panda juu kwanza, mbishane baadaye. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Ukingoja, uoga unakuzoea.

Mimi umenizoea. Hata hapa nimeshindwa kuweka jina langu.