Jiko Lililobeba Jina Langu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala meza. Nilipewa kikapu nikae nacho.

Ilikuwa Malaba, katika ofisi ndogo iliyojificha nyuma ya foleni ya malori. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapitia mafunzo ya miezi michache, nikaajiriwa kuwa Msaidizi wa Maendeleo ya Nyumbani. Cheo kilikuwa kirefu lakini kazi yenyewe ilielezeka upesi: kuzifundisha familia kujitengenezea vitu vya nyumbani kwa vile vilivyo karibu nao, bila kukimbilia dukani. Mkuu wangu alikuwa Afisa wa Divisheni, mama mnene mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Aliweka kikapu mbele yangu, kimefunikwa kwa blanketi kuukuu.

"Usikifungue," alisema. "Kiangalie tu."

"Nikiangalie mpaka saa ngapi, madam?"

"Mpaka ukidharau."

Nilikidharau kabla ya saa nne. Saa saba mchana alirudi, akafunua blanketi, na mvuke ukanipiga usoni. Ndani mlikuwa na sufuria ya maharagwe. Alikuwa ameyachemsha nyumbani kwake asubuhi kwa muda mfupi tu, akayaondoa motoni na kuyafungia humo, katikati ya majani makavu ya migomba. Tulikiita kikapu cha kuivishia, kwa sababu joto likizuiwa kutoka huendelea kupika lenyewe. Nilionja. Yalikuwa laini kama yaliyokaa motoni asubuhi nzima. Niliyakodolea macho yale majani, takataka ambazo mama yangu alizifagia kila siku, nikahisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta aliouzoea.

Mshangao ule ndio ulionifanya niipende kazi. Tulifundisha kichanja cha kuanikia vyombo, kwa fito za mkalitusi na kamba za mkonge. Tulifundisha mtungi wa kunawia mikono, dumu dogo linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Tulijenga kabati la kuhifadhi mboga lenye kuta mbili za waya na mkaa uliolowa katikati, ambalo ndani yake sukuma wiki ilibaki mbichi siku kadhaa katika jua la Malaba. Madereva waliosubiri kuvuka mpaka walikuja kututazama wakitutania. Mmoja, mtu wa Machakos, alilizunguka lile kabati mara mbili.

"Boss, hii friji yako inatumia stima ya wapi?"

"Ya upepo na maji, bwana."

"Basi nifungie moja kwa trela. Lakini nikifika Kampala nyanya zikiwa supu, nitakurudia."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kijiji cha Busibwabo, na huko ndiko kisa changu kilipoanzia. Kazi ilikuwa kueneza jiko la udongo badala ya mafiga matatu. Mafiga hula kuni nyingi na kumwaga moshi wote kifuani mwa mpishi. Jiko la udongo hufungia moto ndani, likiwa na mdomo mmoja wa kuni, tundu la sufuria juu, na bomba la moshi linalotokea ukutani.

Udongo wake hutoka kwenye kichuguu, kwa maana mchwa wameshauchekecha na kuufunga kwa mate yao. Unautwanga, unauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa na samadi, unaufunika kwa majani ya migomba siku kadhaa, kisha unaukanda tena kwa miguu. Kuupima, unafanya tonge na kuliangusha kutoka usawa wa bega. Likitandaa chini kama uji, maji yamezidi; likivunjika vipande, yamepungua; likipata ufa mwembamba tu, umefika. Hapo unakandika jiko na kuliacha likauke kivulini majuma matatu. Mchoro wa ofisi ulisema jiko lifike kiunoni, ili akina mama wasiiname. Niliufuata kwa rula.

Nilijenga majiko kijiji kizima. Akina mama walinishukuru, wakaniita Bwana Jiko, na ripoti zangu zilikwenda juu zikiwa safi. Kisha Mratibu wa Wilaya, mwanamume mrefu asiyependa kukaa kitini, akasema twende tukayaone. Katika boma la kwanza tulimkuta kuku ameatamia mayai ndani ya jiko langu. Kando yake, juu ya mafiga matatu, ugali ulikuwa ukisongwa.

"Wandera," Mratibu aliniambia, "serikali haikukutuma kujengea kuku."

"Hawajazoea tu, bwana. Watazoea."

"Nani hajazoea? Kuku anaonekana amezoea sana."

Nilirudi peke yangu siku ya pili kwa Mama Makokha, mwenye boma lile. Alikuwa mjane wa makamo, binti wa mfinyanzi wa vyungu, na hakuwa mtu wa kusifu asichokipenda. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini ameligeuza jiko kiota. Aliweka sufuria ya maji juu ya jiko langu, yalipochemka akamimina unga wa muhogo na wimbi, akanipa mwiko.

"Songa."

Hapa nakiri jambo. Kwetu Marachi mvulana aliyezoea jikoni alichekwa mpaka akaacha. Mimi, mtaalamu wa majiko, sikuwa nimesonga ugali hata siku moja maishani. Na ule wetu wa kahawia, tunaouita obusuma, si uji. Unashindana nawe. Nilisukuma mwiko, sufuria ikazunguka. Nikasukuma tena, ikaruka, na ukingo wa jiko ukameguka. Ugali wa moto ulimwagika hatua moja kutoka miguuni pake.

"Umeona?" alisema akinipokonya mwiko. "Obusuma unasongwa kwa mgongo na mguu. Juu huko kiunoni nitaupata wapi mguu? Wewe umejengea chai. Nani hula chai akashiba?"

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza?"

Juma lililofuata alilibomoa jiko langu na kujenga lake, nami nikasimama na rula yangu nikimtazama. Alilishusha hadi chini ya goti. Aliizamisha sufuria mpaka karibu na ukingo wake, akainua matuta matatu ya udongo yaliyoikumbatia. Mbele, kando ya mdomo wa kuni, alichonga kidato cha kuegemeza wayo. Lilipokauka alikanyaga kile kidato, akasonga ugali wa watu kumi, na sufuria haikutikisika. Nguvu yote ilipita mguuni, ikaingia kwenye jiko, ikazama ardhini. Sijawahi kuona hesabu nzuri kama ile, na mwenye kuifanya hakuwa na kipande cha karatasi.

Nilipima kila kitu. Urefu, upana, kina, pembe ya kidato. Mratibu aliporudi, Mama Makokha alikuwa shambani. Mratibu alilizunguka jiko, akapiga magoti suruali ikachafuka.

"Nani amebuni hiki kitu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema jina moja tu. Nikasema, "Nilifanya marekebisho kidogo, bwana."

Kidogo. Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi. Mchoro wangu ulipigwa chapa kwenye karatasi iliyoitwa Jiko la Wandera, ukasambazwa mashuleni na makanisani, Alupe, Malaba, hadi kwetu Marachi. Nilipewa cheti, nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Butula kuwa msimamizi.

Kisha majiko yakaanza kupasuka. Matuta yale matatu yalidumu msimu mmoja, yakapata nyufa, yakaanguka, na akina mama wakarudi kwenye mafiga. Wasaidizi wangu waliuliza sababu. Sikuijua, na sikuwa na mtu wa kumwuliza, kwani jiko lilikuwa "langu." Nikaandika katika ripoti: "Akina mama hawafuati maelekezo." Niliandika sentensi hiyo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo ninayoionea haya kuliko zote.

Na nyumbani kwangu? Mke wangu Nekesa alipikia mafiga matatu. Kila niliporudi na udongo kwenye viatu aliniuliza, "Na langu?" Nami nilijibu, "Mwezi ujao." Nilijenga kwa majirani, kwa mchungaji, kwa chifu. Kinyozi hajinyoi, watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Jioni nilikula obusuma alioupika ndani ya moshi, wala sikujiuliza aliusonga vipi.

Nilistaafu, na katika ukimya wa nyumba nikasikia kikohozi chake. Bila shaka kilikuwapo zamani, ila mimi sikuwapo. Daktari alisikiliza kifua chake, akaniangalia mimi badala yake. "Mzee, huyu lazima aondoke kwenye moshi. Si kesho." Watoto walituletea mtungi wa gesi. Nekesa akaupenda kwa chai, lakini obusuma ulipokaza, sufuria iliyumba juu ya vile vyuma vyembamba mpaka akauacha. Akarudi kwenye mafiga yake, akikohoa.

Nikajenga Jiko la Wandera. Lilipasuka likikauka. Nikajenga la pili, nikalikausha polepole zaidi. Lilipasuka siku ya tatu ya kupika. Nekesa aliokota kipande cha tuta lililoanguka, akakifikicha kikawa vumbi kiganjani.

"Wandera, hili jiko ni lako kweli?"

Alikuwa wa kwanza kuniuliza hivyo. Nilimweleza yote pale pale, nikiwa nimekaa kwenye figa. Alikohoa, kisha akasema, "Basi nenda kwa mwenyewe."

Nilipanda bodaboda hadi Busibwabo nikiomba Mungu nimkute Mama Makokha akiwa hai. Alikuwa hai, amekonda, nywele nyeupe, anachambua maharagwe mlangoni.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Kumbe Bwana Jiko hajafa."

Nilisimama nikamwambia. Kwamba jiko lake nililiita langu, kwamba nilipewa cheti, kwamba lilipasuka kila mahali na nikawalaumu wanawake, na kwamba sasa mke wangu anakohoa. Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Mjukuu wangu alileta ile karatasi kutoka shuleni. Nikaangalia picha, nikasema, huyu amepima kila kitu isipokuwa udongo. Vigae viko wapi?"

"Vigae gani?"

"Yawa! Mzee mzima. Vya chungu kilichovunjika! Unavitwanga, unavichekecha, unatia kibakuli kimoja kwa kila vinne vya udongo. Kitu kilichokwisha kuungua hakiogopi moto, na kinaushika udongo mbichi usipasuke. Mama yangu alitia katika kila chungu. Mimi nilivitia ukiwa umesimama hapo hapo na rula yako. Ulidhani ninatia mchanga."

Nikakaa chini. Kibakuli kimoja cha vumbi! Kama ningeliandika jina lake juu ya karatasi ile, mwanamke yeyote ambaye jiko lake lilipasuka angekuja kumwuliza, naye angejibu kama alivyonijibu, huku akichambua maharagwe. Niliiba jina, na kwa kuliiba nikaifunga njia ya kumfikia.

Alikubali kuja Marachi, si kwa ajili yangu. "Kwa ajili ya huyo anayekohoa," alisema. Nyumbani hatukuwa na chungu kilichovunjika. Nekesa alikuwa na mtungi mmoja wa maji wenye ufa, aliorithi kwa mama yake. Aliuleta mwenyewe, akaushika kwa muda, kisha akauangusha juu ya jiwe. Mama Makokha akanipa mchi. Nilitwanga hadi mikono ikapata malengelenge, na hakuna aliyenihurumia.

Udongo ulipokuwa tayari Mama Makokha alikandika jiko, akarudi majuma matatu baadaye kulijaribu. Nekesa alipoinuka kuchukua mwiko, alimzuia.

"Wewe kaa. Umesonga miaka yote. Huyu asonge."

Niliegemeza wayo kwenye kidato, nikasukuma kwa mgongo kama nilivyomwona Mama Makokha akifanya zamani zile. Sufuria ilitulia kama imeota hapo. Jasho lilinitiririka machoni. Nekesa alikaa mlangoni, na kwa muda mrefu sikumsikia akikohoa. Alikuwa akitazama juu, kwenye mabati ya paa la jikoni mwake, ambayo kwa miaka mingi moshi ulimzuia kuyaona.

"Ongeza nguvu, Bwana Jiko," alisema Nekesa. "Bado una madonge."

Sasa nimezeeka, na vijana wa kazi hii hunijia kuuliza habari za Jiko la Wandera. Huwapeleka jikoni na kuwakabidhi mwiko kwanza. Wakishatoka jasho, huwapa karatasi niliyoiandika upya kwa mkono wangu. Vipimo ni vile vile. Nimeongeza kibakuli kimoja cha vigae kwa vinne vya udongo, na juu kabisa, mahali palipokuwa na jina langu, nimeandika: Jiko la Mama Makokha, Busibwabo. Likipasuka, kamwulizeni yeye.