Fundo la Kitambaa cha Kaki

Bi Tunu binti Mfaume hafungui fundo la mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba yake ya Temeke, na aliishika miaka mingi hata watu wakawa wanaitaja kabla ya kumtaja mwenyewe.

Sheria hiyo ilihusu fedha ya kuingilia chumba. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, watu wanamiminika Dar es Salaam kutafuta kazi, na vyumba vilikuwa haba. Wenye nyumba wengi walitoza kilemba, yaani fedha anayotoa mpangaji siku ya kuhamia, mbali na kodi, na ambayo hairudi. Ukae mwezi, ukae miaka kumi, kilemba kimekwenda. Bi Tunu, mjane aliyejenga nyumba yake ya vyumba sita kwa maandazi na vitumbua, alikiita unyang'anyi.

Yeye alitaka amana. Mpangaji mpya alikuja na kitambaa chake mwenyewe, akatia fedha ya mwezi mmoja, akakifunga kwa mkono wake mbele ya wapangaji wawili, na Bi Tunu akakiweka katika sanduku lake la mninga. Siku ya kuhama, mpangaji alipaka chumba chokaa, akarudisha ufunguo, akapewa kitambaa chake na kukifungua mwenyewe. Kama kitasa kimevunjika au ukuta umeachwa mchafu, alihesabu gharama na kuitoa kwa mkono wake. Bi Tunu hakugusa fundo.

"Amana si fedha yangu iliyolala," alikuwa akisema. "Ni fedha ya mtu iliyokuja kulala kwangu."

Kwa ajili ya sheria hiyo, sanduku lake lilibeba zaidi ya amana za wapangaji. Wanawake wa mtaa walimpa bangili zao aziweke. Chama cha kuzikana kilimkabidhi mchango wake. Hakuwa na cheo wala elimu ya chuo. Cheo chake kilikuwa ni kuaminiwa, na alikivaa kama kanga mpya ya Idi.

Kati ya wapangaji wake alikuwamo Ansbert, kijana wa Bukoba, karani wa forodhani, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za Jumapili jioni. Yeye alileta kitambaa cha kaki, akakifunga kama baba yake alivyofunga magunia ya kahawa, ncha ikipita chini, ikirudi juu, kisha ikizama ndani isionekane. Kondo, muuza samaki wa chumba cha pili, aliyekuwa shahidi siku hiyo, aliangua kicheko.

"Braza karani, hiyo amana au mtego wa panya?"

"Ni fundo la kwetu," Ansbert alijibu. "Akilifungua mwingine, nitajua."

"Kwa Bi Tunu? Utangoja sana!"

Walicheka wote, na Bi Tunu alicheka kuliko wote.

Mwaka uliofuata Ansbert alikwenda kwao likizo, safari ya gari moshi na meli. Alikuwa bado huko siku uchungu ulipomshika Avelina wa chumba cha uani. Mumewe, Nikodemu, alikuwa kazini bandarini akibeba mizigo. Mkunga wa mtaa alimpapasa Avelina, akanyanyuka akitikisa kichwa. Mtoto amelala kingamo, kichwa ubavuni, alisema, na hilo si la kwake tena, apelekwe hospitali ya mjini.

Ilikuwa saa saba mchana. Teksi ilipatikana njia ya Keko, ikaletwa mpaka mlangoni, lakini dereva hakuzima hata injini.

"Nauli mbele, mama."

"Mgonjwa huyu hapa, baba. Mumewe atakulipa jioni."

"Jioni! Gari haliendi kwa dua. Na akinifia njiani, nimdai nani?"

"Mdomo mchafu huo!"

"Mchafu, sawa. Nauli mbele."

Bi Tunu hakuwa na kitu. Wiki ile ile alikuwa amewalipa mafundi walioezeka upya makuti ya nyumba. Alilifungua sanduku, akampa Avelina kitambaa chake mwenyewe. Avelina alikifungua kwa meno, jasho likimtoka, lakini humo mlikuwa na nusu tu, kwa kuwa yeye na Nikodemu walipokelewa kwa nusu, wakiahidi kutimiza baadaye. Haikutosha.

Vilibaki vitambaa vya wengine. Cha Kondo kilikuwa juu kabisa, na sokoni kwa Kondo palikuwa mwendo mfupi. Lakini Kondo angeuliza, na huenda angekataa. Ansbert asingeweza kuuliza wala kukataa. Bi Tunu alikichukua kitambaa cha kaki, akakaa kitandani, akalitafuta lile fundo mpaka akalipata linapoanzia. Alilifungua.

Avelina alifika hospitali. Alipasuliwa, akapata mtoto wa kiume aliyeitwa Albano, na mama na mtoto wakarudi nyumbani wazima. Mwisho wa mwezi Nikodemu alirudisha fedha yote, na Bi Tunu akaitia katika kitambaa cha kaki, senti haikupungua. Kisha akaanza kulifunga fundo. Alipitisha ncha chini, akairudisha juu, ikamtoka. Akafunga tena, akafungua. Mwishowe alilifunga kama tufungavyo sote fedha kwenye pindo la kanga, akalikaza kwa nguvu, akafunika sanduku.

Wapo wanaosema hapakuwa na kosa. Mtu alikuwa anakufa na fedha imelala. Nani angeiacha ilale? Mimi nasema kosa lilikuwapo, kwa kuwa fedha ile haikuwa yake, lakini ni kosa ambalo mtu mwenye moyo angeweza kulifanya, na msamaha wake ulikuwa karibu. Ulikuwa umbali wa neno moja. Lililofuata ndilo nisiloweza kulipunguzia uzito.

Ansbert alirudi kutoka likizo na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, akampelekea mama mwenye nyumba kabla hajafungua mizigo yake.

"Shikamoo, Bi Tunu. Mama yangu anakusalimu. Anasema nikushukuru kwa kunilea."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie nimeshukuru."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Bi Tunu aliitia punje moja mdomoni, akaitafuna, akaisifu. Hakusema. Kesho yake hakusema. Aliona fedha imetimia, mtoto mzima, ya nini kumvuruga kijana wa watu? Wiki zikapita, na kila moja ikaifanya ya pili kuwa nzito zaidi. Wanyofu huanguka hivi mara nyingi, maana aliyezoea kuitwa mwaminifu huogopa kulipoteza jina hilo kuliko mwizi anavyoogopa jela.

Kisha Ansbert alipewa nyumba ya wafanyakazi, akatangaza kuhama. Alipaka chumba chokaa mara mbili, mpaka kikawaka. Alirudisha ufunguo. Kondo aliitwa kuwa shahidi, na Nikodemu pia. Bi Tunu alileta kitambaa cha kaki kwa mikono miwili, akakiweka juu ya mkeka.

Ansbert alikitazama, hakukigusa.

"Hili si fundo langu."

Kondo alirukia maneno. "Hesabu si itatimia? Wewe unataka fedha au unataka kulioa fundo?"

"Mie sijasema habari ya hesabu, Kondo."

"Panya hao," Kondo alisema, akimgeukia Bi Tunu. "Si panya, mama? Sanduku la zamani hili."

Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Bi Tunu aliutazama mlango huo, na hakupita. Hilo nampa heshima yake yote.

"Si panya," alisema. "Nililifungua mimi." Akaeleza habari ya Avelina, ya teksi na ya nauli. Nikodemu aliinamisha uso, kwa kuwa hata yeye hakuwa ameambiwa fedha ile ilitoka wapi.

Ansbert alikitazama tena kitambaa. "Ungeniomba, ningekupa. Ningetoa hata zaidi."

"Hukuwepo, mwanangu."

"Nilijua sitakuwepo, ndiyo maana niliiacha kwako."

Bi Tunu alimsogezea kitambaa. Ansbert alilifungua fundo, akahesabu, akakuta imetimia. Alitoa shilingi moja, akamwekea Albano aliyekuwa mgongoni kwa mama yake pale mlangoni, akaaga kwa adabu, akabeba mizigo yake. Hakumsimulia mtu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, Kondo alibisha hodi. Hakuwa na mzaha.

"Shikamoo, mama. Naomba changu nikitazame. Kukitazama tu."

"Marahaba. Kitazame, baba."

Fundo lake lilikuwa lile lile. Kondo alilipapasa, akasema ahsante, akatia kitambaa mfukoni, akaenda nacho. Wengine walifuata juma hilo hilo. Wanawake walikuja kuchukua bangili, kila mmoja na harusi ya kuiendea. Chama cha kuzikana kilihamishia mchango wake kwa Mzee Sadallah wa mtaa wa nyuma.

Wapangaji wapya walikataa kuacha amana, na Bi Tunu alikataa kuwatoza kilemba. Waliingia mikono mitupu, wakahama wakiacha kuta zenye masizi, na chokaa aliinunua yeye. Albano alikulia uani, akimwita bibi. Bi Tunu alifariki akiwa na nyumba yake na vyumba vyake sita, na katika sanduku la mninga walikuta nguo zake tu.