Mbwa Alikaa Mbele, Sisi Juu ya Mizigo

Naomba jina langu lisionekane, maana wajukuu zangu wanafuatilia ukurasa huu. Majina ya watoto nayo nimeyabadili. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sabini na sita, naishi Songea. Moyo wangu umechoka, na daktari amewaambia watoto wanirudishe nyumbani nikapumzike. Nimesoma, naelewa maana ya maneno hayo. Naandika polepole, kidogo kila siku.

Mume wangu alikuwa bwana mifugo. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, tulikuwa Dodoma, akapata uhamisho wa kuja huku. Tulikuwa na Festo aliyekuwa ameanza shule, Anita aliyemfuata, na mdogo wao nitakayemwita Roza, ndio kwanza anajifunza kutembea. Watoto walikuwa na sungura wao kwenye boksi. Mume wangu alikuwa na mbwa jike wa kizungu, aliyeachiwa na mtaalamu wa kigeni aliyerudi kwao. Mbwa yule alikuwa na mimba. Wakati ule mshahara haukufika popote, na kila mtumishi alikuwa na mradi wake, huyu kuku, yule genge. Mradi wetu ulikuwa huyo mbwa. Mume wangu alisema Songea watu wanafungua maduka, watataka mbwa wa maana wa kulinda.

Gari la ofisi lilikuwa bovu, tukapata lori lililokuwa linakuja Songea kuchukua mahindi. Asubuhi ya kuondoka dereva alifungua mlango wa mbele akaniita, "Mama, panda huku na mtoto. Baridi ya Njombe mwezi huu si mchezo."

Mume wangu akasema, "Hapana. Mbele nakaa mimi na mbwa. Akirushwarushwa huko juu atatoa mimba."

Dereva akacheka. "Bwana Mifugo! Mbwa kwenye kiti, mkeo kwenye mizigo?"

"Mbwa hana wa kumshika. Mtoto ana mama yake."

Nikasema, "Baba Festo, Roza anakohoa." Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa sababu utingo alikuwa anasikiliza na sikutaka mume wangu aaibike. Kisha nikapanda juu.

Siku ya kwanza watoto walifurahi. Waliwapungia watu wa njiani, wakawalisha sungura majani ya kabichi. Siku ya pili, baada ya Makambako, manyunyu yakaanza, na upepo ukawa unaingia chini ya turubai kila upande. Nilimfunga Roza kifuani kwa khanga mbili, nikamfunika na koti langu. Tuliposimama Njombe mume wangu alimshusha mbwa, akamnywesha uji, akampapasa tumbo. Halafu akapanda kwenye gurudumu akamgusa Roza shavuni. "Mafua haya. Hata ndama wakisafirishwa hukohoa. Tukifika atapona."

Nilimwamini. Kati yetu yeye ndiye aliyejua magonjwa.

Tulipokuwa tunateremka kuja Songea kikohozi kilinyamaza, nikamshukuru Mungu. Kumbe mtoto alikuwa hana tena nguvu za kukohoa. Hospitali walisema ni kichomi na tumechelewa. Alifariki hata vyombo hatujavifungua. Akina mama wa Msamala, mtaa tuliofikia, ambao hawakutujua hata kwa sura, walikuja na unga na maharage, wakamwosha mwanangu, wakalia nami. Wiki ileile mbwa alizaa salama.

Mume wangu alilia sana, sitamsingizia. Lakini habari ya kile kiti hatukuizungumza. Watoto wanajua mdogo wao alikufa kwa kichomi, basi. Safari yenyewe wanaisimulia kila Krismasi. Festo husimama katikati ya sebule na kusema, "Sisi tupo juu kama viazi, mbwa yupo mbele kama mkuu wa mkoa!" Wajukuu wanaanguka chini kwa kicheko. Na mimi nacheka nao. Miaka yote hiyo nimecheka.

Mwezi uliopita mume wangu alifunga mlango wa chumba, akakaa pembeni ya kitanda. "Mama Festo, unajua ninachotaka kukuomba." Nikajifanya nimelala. Basi juzi akasema mbele ya watoto, "Padre akija kumpaka mama yenu mafuta, nataka mama anitamkie mbele yenu kwamba amenisamehe." Anita akamwuliza, "Akusamehe nini, baba?" Festo akadakia, "Waache, wazee wanadekezana." Wakacheka. Baba yao alitazama chini.

Sijamsamehe. Nimempikia, nimemfulia, nimezaa naye tena, nimemwuguza alipopata kiharusi. Hajawahi kunipiga wala kunitukana. Nadhani hilo limeniumiza zaidi, kwa sababu sina kosa lake lingine la kumchukia nalo, ni hilo moja tu, nalo halipungui. Nimesali hadi nikaacha. Neno lenyewe linafika kwenye meno, linarudi.

Padre anakuja Jumamosi. Nikisema nimesamehe, nitakuwa nimetumia pumzi yangu ya mwisho kudanganya mbele ya sakramenti. Nikikataa, watoto watataka kujua sababu, na nitawaachia baba ambaye hawataweza kumtazama usoni, wakati mimi sitakuwepo kuwatuliza. Yeye mwenyewe hana miaka mingi. Sioni njia ambayo haiumizi mtu.

Tafadhali msiniandikie "samehe tu mama." Hilo nalijua, na nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Nishaurini jambo moja: Jumamosi, wakishanyamaza wote wakinisubiri, na yeye amenishika mkono, nifungue mdomo niseme nini?