Njia Yangu Iliyonyooka na Mabaraza ya Mshamu

Siku ya kwanza ya kazi nilikabidhiwa kamba ya makumbi na mambo, yaani vijiti vilivyochongwa ncha vya kukita ardhini, nikaambiwa ninyooshe mji. Ilikuwa hapa hapa upande wa Kibiti. Vita vya Maji Maji vilikuwa vinawaka bado huko milimani kwetu Umatumbi, na sisi tuliokimbia tukakusanywa kando ya barabara chini ya macho ya askari. Kurudi milimani marufuku. Kwenda bondeni kulinda mpunga marufuku. Ngoma ndiyo usiitaje.

Bwana akida, mkubwa wetu aliyewekwa na Wajerumani, mtu wa pwani ya Mrima mwenye kilemba kikubwa, aliniuliza, "Wewe, kupiga kamba unajua?"

"Najua, bwana akida. Nimejenga madungu mengi, vile vichanja virefu vya kulindia mpunga."

"Dungu hili lina watu. Likianguka, ninyi wawili mmeanguka nalo."

Alisema wawili kwa sababu upande wa kusini alipewa Mshamu, Mndengereko, mwenyeji, meno meupe, maneno mengi. Sikumpenda tangu siku ile, na mpaka leo chuki ile haijanitoka. Nawaambieni wazi, wanangu mnaotaka kuijua kazi ya unyapara wa njia.

Kupiga kamba ni hivi: unakita mambo mwanzo wa njia na mwisho wake, unavuta kamba mpaka ilie, kisha kila nyumba inaelekeza uso wake hapo. Yangu ilinyooka hata ukisimama kwangu unamwona kuku wa nyumba ya mwisho. Kisima nilichimbisha katikati, watu wasichoke. Baraza la mbele ya nyumba nilikataza, maana linavunja mstari. Ya Mshamu ilipinda kama utumbo, ikikwepa kila mkorosho, na kila nyumba aliilazimisha baraza la udongo, tena lenye kivuli. Nilicheka sana.

Sasa mama yangu. Milimani alikuwa akipanda na kushuka kila siku, jembe begani, kuni kichwani. Hapa alifika kwa miguu yake, akakaa. Shamba hana, kuni zinaletwa, kisima kipo mlangoni. Miguu ikavimba, halafu ikakataa kabisa, akawa wa kubebwa hata kwenda chooni. Nilikuwa nikimtazama najua kabisa nampoteza. Na wazee wote wa upande wangu walikuwa ndani vivyo hivyo.

Bwana akida akapita, akaniambia mbele ya Mshamu, "Mbona kwako kimya kama makaburini, na kwa mwenzio watu wanapishana?"

Wivu ukanishika. Nikasema moyoni, huyu anawapa watu dawa.

Alasiri moja nikarudi nyumbani, mkeka wa mama mtupu, na mke wangu Mwanahawa hayupo. Nikakimbia. Nani kaniambia nikimbilie kusini? Miguu yenyewe. Nikamkuta mama anatembea! Polepole, kashika bega la bibi mmoja mwenyeji, Mwanahawa nyuma yao. Nikaruka kumshika.

"Niachie! Mimi gunia?" akafoka. "Huoni namsindikiza mwenzangu?"

Mwanahawa akaniambia siku ya kwanza alimbeba mgongoni mpaka baraza la mwanzo la huku kwa Mshamu, apate watu wa kuzungumza nao. Mnajua desturi yetu, mwenzio akiaga huwezi kubaki umekaa, lazima umsindikize. Bibi yule alipoaga, mama akaona haya. Akainuka akashika ukuta, akafika baraza la pili, wakakaa. Kesho yake la tatu.

Mshamu alikuwa palepale anatafuna tambuu. "Karibu ukae, mtani wangu. Maana hata hiyo miguu yako siiamini."

"Umewalisha nini hawa?"

"Nimewapa pa kukaa tu. Mzee akijua mbele yake kuna baraza, ataondoka kwake."

Nilifurahi, lakini furaha ile ilikuwa na shubiri. Mama yangu mimi, kainuliwa na ukuta wa mtu mwingine!

Nikaenda kwa bwana akida kuomba ruhusa ya kuvunja mstari. Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Kumbe mwalimu wako Mshamu!" Akaniruhusu. Nikajenga mabaraza kila nyumba, na la kwangu nikalisiriba kwa mikono yangu, nyororo kama sahani. Mama akaja kwa miguu yake, akakaa, akalipapasa.

"Zuri, mwanangu," akasema. "Ila la Mshamu lina kivuli."

Baada ya vita nilihamishiwa Nyamwage, kisha Salale kwenye mikoko, ambako mtu akitaka kwenda kwa jirani anaingia mtumbwini, nikawatengenezea tuta la kupita kwa miguu. Kila nilipokwenda nilijenga mabaraza, na kila mkubwa wangu aliyekuja kukagua alisema, "Aa, haya ni yale ya Mshamu."

Sasa nimepumzika kazi na Mshamu kashazikwa, Mungu amrehemu. Ninyi mkipewa mji wa kupima, msiwaweke watu karibu na kila kitu. Waachieni mwendo, na katika mwendo muwawekee pa kukaa, watainuka wenyewe. Na mkiulizwa nani kawafundisha, nitajeni mimi.