Honi ya Meli

Enzi zile, kabla lami haijafika Ruiri, nyumbani kwetu hakukuwa na saa ya ukutani wala ya mkononi, na hatukuona tumepungukiwa na chochote, kwa sababu tulikuwa na Meli. Meli ilikuwa gari la abiria. Nasema mapema ili nyinyi vijana msianze kuniuliza bahari ya Ruiri ilikaukia wapi. Lilikuwa basi refu la bodi ya mbao, pua yake ndefu imechomoza mbele, na juu kwenye keria limejazwa magunia, vitanda, mbuzi na kuku mpaka likitembea lilikuwa linayumba. Siku mwalimu wa darasa la tatu alipotufungulia kitabu akatuonyesha picha ya meli, darasa zima lilipiga kelele, "Ni gari la M'Ikiara!" Tangu siku hiyo jina likaganda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari, na nadhani mwalimu mwenyewe pia hakuwa ameiona.

Leo Meli inakwenda Embu, kesho inarudi. Asubuhi na mapema, ukungu bado umelala chini, M'Ikiara, dereva wake, aliwasha injini na kuiacha ingurume mpaka mbwa wote wachoke kubweka. Kisha akapiga honi. Mbili fupi, moja ndefu, na ile ndefu ilikuwa inashuka mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Mama alikuwa ameshafunga maharagwe yake na kuku wawili miguu juu, anakwenda kuuza soko la Gakoromone, mjini Meru. Alikuwa akikimbia huku anatupigia kelele: "Nikirudi nikute moto umezimika, mtanitambua!" Nasi tulikuwa tunamtambua kila wakati, kwa maana moto wenyewe ulizimika kila wakati. Aliporudi jioni kwa miguu alitutambulisha vizuri kwa mwiko, kisha akatupa embe moja moja zilizotoka kule chini Mbeere, za nyuzinyuzi, ambazo zilikuwa zinakaa menoni hadi Jumapili.

Na kulikuwa na siku Meli ilipokuja bila honi. Wenzangu wa rika langu wangejua ninachosema. Ikiwa imebeba maiti, M'Ikiara hakugusa honi kuanzia mjini Meru hadi mlangoni kwa wafiwa. Hata ng'ombe wakiziba barabara, taniboi, yaani utingo wake, ndiye aliyeshuka akawafukuza kwa mkono. Ukiona vumbi linakuja na husikii kitu, akina mama waliweka jembe chini wakaanza kuulizana kwa macho, ni wa nani. Ndivyo baba yangu alivyorudi kutoka hospitali ya Embu. Nilikuwa juu ya mti napiga ndege kwa manati, nikaona vumbi, nikasubiri honi. Bado sipendi kuona gari likija kimya.

Lakini tusilie mapema. Tulicheza! Tulicheza kati, tulicheza brikicho, tulicheza kalongolongo tukapika matope kwa mikebe na kulazimishana kuyala. Mchezo mkubwa ulikuwa Meli. Tulijipanga mstari, kila mtu ameshika shati la aliye mbele yake, mashati yenyewe yakiwa na vitundu vya kutosha kuingiza kidole. Mwirigi wa jirani alikuwa dereva kwa sababu alikuwa na mdomo mpana wa kunguruma. Mimi nilikuwa honi. Karambu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa abiria wa kulalamika. Nikipiga honi tu, Karambu anasimamisha gari lote.

"Uongo! Hiyo ni honi ya lori la kuni!"

"Ni ya Meli!"

"Ya Meli inashuka mwishoni. Yako imepanda kama mbuzi amekanyagwa!"

Tulipigana pale vumbini mpaka mama akatokea mlangoni. "Mkimaliza kuuana, waliobaki waje wale." Tulikwenda wote, na wafu pia. Chakula kilikuwa viazi vitamu vilivyochomwa jivuni, au mukimo wa njahi, ule mseto wa viazi na maharagwe meusi, uliobaki jana ukakauka ukashika pembeni mwa sufuria, na pale pembeni ndipo tulipogombania. Mjukuu wangu alipokuja Desemba iliyopita aliniuliza leo kuna chaguo gani la chakula. Nikamwambia yapo mawili, kula au kulala njaa. Akacheka akidhani ni mzaha, kisha akavaa vile vidude vyake masikioni, na sikumsikia tena hadi kesho yake.

Shuleni nako kulikuwa na diski. Ukikutwa unasema Kimeru unavishwa kipande cha ubao shingoni, unakaa nacho hadi umkamate mwingine. Karambu aliivaa karibu kila siku kwa sababu kubisha kwake hakukusubiri atafute neno la Kiswahili. Kiswahili chenyewe tulikuwa tunakiokota kwa Nyaga, taniboi wa Meli, kijana mwembamba wa Embu aliyening'inia mlangoni huku shati limejaa upepo akiita, "Songa mama, songa, gari ni lako!" Tuliamini hakuna mtu duniani anayejua Kiswahili kama yeye. Nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, niliwahi kujikuta nawaambia watoto darasani "songa mama," na mwalimu mkuu yuko dirishani.

Miaka ikaenda, lami ikaja, magari madogo yenye haraka yakaja. M'Ikiara akafa. Meli tukasikia imeachwa nyuma ya gereji fulani Embu, kuku wanatagia kwenye viti. Mume wangu naye akaenda, nikamzika. Watoto wakaenda pia, wa kwanza Nairobi, wa pili ng'ambo, huko ambako mchana wao ni usiku wetu. Nikabaki na nyumba ya vyumba vinne na redio.

Mwaka jana ndipo Kendi akanipigia simu. Huyu Kendi ni msichana wa hapa kwetu aliyesomea mambo ya kale chuoni, na ndiye kiongozi wa kamati ya kuirudisha Meli na kuifanya makumbusho. "Shosho mwalimu," akasema, kwa maana vijana wetu bibi humwita shosho, "tumeipata. Tumeileta Ruiri kwa trela." Aki ya Mungu, nilitoka na kandambili za bafuni.

Ilikuwa mifupa. Mbao zimeliwa, sakafu unaiona ardhi. Lakini nilipoweka mkono kwenye ile pua yake nilijua ni yenyewe, nikalia bila haya mbele ya mafundi. Miezi iliyofuata sikukosa hata siku moja. Mafundi walikwangua rangi tabaka kwa tabaka mpaka wakafika kwenye kijani ya zamani kabisa. Seremala alikata mbao mpya akifuata zilizooza. Viti wakavipima kwa matundu ya misumari. Kila kitu gari lenyewe lilikuwa limehifadhi ushahidi wake, isipokuwa honi. Honi iling'olewa na watu wasiojulikana. Fundi mmoja wa mjini Meru alisema anaweza kutengeneza nyingine ya mabomba, ilie vyovyote tunavyotaka, mradi aambiwe ilie vipi.

Kendi akanigeukia. Nikawaambia: mbili fupi, moja ndefu, inayoshuka mwishoni. Nikawapigia kwa mdomo.

"Sawa, shosho. Tumechukua."

"Mmechukua nini? Hamuulizi mwingine?"

"Shosho, wewe unatosha."

Alisema kwa heshima, maskini, lakini neno lile lilinichoma. Kwetu mtu mmoja hatoshi. Babu yangu alikuwa mzee wa baraza, nami nilikuwa nampelekea uji huko, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Mtu akija kueleza mpaka wa shamba peke yake, wazee hawakumwita mwongo. Walimwambia tu aende akatafute wa pili, kisha waendelee. Anaweza kuwa mcha Mungu, anaweza kuwa wanamjua tangu anyonye, watamrudisha tu. Neno la mtu mmoja lilikuwa kama jiwe moja la mafiga, hakuna sufuria inayokaa hapo.

"Nipe muda," nikamwambia Kendi. "Nitaleta wa pili."

Nikaanza kuhesabu waliobaki, na hesabu ikaisha kabla sijaanza. Mwirigi tulimzika zamani. Karambu tulimzika mwaka jana huohuo, kabla Meli haijaletwa. Karambu wangu! Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa ananipigia simu tugombane. Tuligombana kuhusu jina la mbwa wa mchungaji, kuhusu nani alianguka mtoni, kuhusu mwaka wa nzige. "Uongo!" anasema, "wewe ulikuwa hujazaliwa akili." Simu inaisha salio, anaongeza, anarudi palepale tulipoachia. Nilikuwa nachukia, nilifikiri nachukia. Siku hizi watoto wangu wakipiga simu wanakubali kila ninachosema. "Ndiyo, mami. Sawa, mami. Ni kweli, mami." Simu inaisha upesi sana.

Akabaki Nyaga. Niliulizia watu wa Embu, nikaambiwa yuko hai, amerudi kwao kule chini Mbeere kwenye joto, anakaa na mke wa mwanawe. Nikavaa nguo yangu ya kanisani nikaenda.

Nilimkuta kibarazani, amekonda vilevile, mikono imelala magotini. Mkaza mwanawe, mama mpole aliyeitwa Wanja, akamwambia mwalimu wa Ruiri amekuja, akanipa kiti na uji. Nyaga akanitazama, uso ukafunguka wote.

"Mwalimu! Karibu, karibu! Umepotea sana!"

"Unanikumbuka, mzee?"

"Haki nikusahau wewe? Wacha!"

Nikasogeza kiti karibu. Nikamwambia habari za Meli, akapiga makofi. Nikamwambia kijani imepatikana, akasema eee, kijani. Nikamuuliza honi ilikuwa inalia vipi, akasema, "Vizuri sana. Honi nzuri sana ile." Nikaweka kikombe chini nikaipiga kwa mdomo, mzee mzima mimi, mbili fupi na moja ndefu, nikaishusha mwishoni.

"Eee! Hiyo hiyo!" Macho yake yakang'aa. "Hiyo hiyo kabisa, mwalimu!"

Ningeondoka wakati ule ningelala na furaha. Lakini nimekulia karibu na mtu wa kubisha, na kukubaliwa haraka hunipa wasiwasi. Nikamtazama. Nikasema, "Ama ilikuwa hivi?" Nikapiga ile ya lori la kuni, inayopanda kama mbuzi amekanyagwa.

"Eee," akasema Nyaga, na macho yaking'aa vilevile. "Hiyo hiyo kabisa."

Wanja akainama akaanza kuokota vikombe. "Mwalimu, usimchukulie vibaya," akaninong'oneza. "Baba siku hizi anakubali kila kitu. Anaona vibaya watu wakijua amesahau."

Sikumchukulia vibaya. Nilikaa naye mpaka jua likapungua. Nilimsimulia safari zote, nikampa na yale maneno yake ya mlangoni, na kila mahali akaitikia eee, eee, kama mtu anayesimuliwa habari za kwao na mgeni. Nilipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza swali ambalo wazee wa kwetu humuuliza mtoto waliyemkuta njiani: "Na wewe, wewe ni wa nani?" Nikamtajia mama yangu. "Eee," akasema, "namjua sana." Nilifika barabarani nikashindwa kuzuia machozi.

Nilimwambia Kendi wa pili hakupatikana. Akasema pole, shosho, haina shida. Nikaenda kwa fundi wa honi. Alipuliza, nikasema bado. Akafupisha bomba, nikasema bado. Wasaidizi wake wakaanza kutazamana, wakiona huyu bibi amekuja kuwapotezea gesi ya kuchomelea. Kisha akapuliza tena, na mgongo wangu ukasisimka wote, nikasema hapo. Fundi akaniuliza, "Una uhakika, mama?" Nilimwona ni mtu wa maana kuliko wote, kwa kuniuliza tu.

Siku ya kufungua watu walijaa. Meli ilikuwa imesimama pale, kijani inang'aa, mbao zimepigwa vanishi, keria ina magunia yaliyojazwa makapi. Watoto walipanda wakashuka wakijipiga picha, migongo yao ikiwa kwa Meli na nyuso kwa simu. Mchungaji akaomba, Kendi akahutubia, akanitaja, watu wakapiga makofi. Kisha wakapiga honi.

Mimi sikuitazama Meli. Nilitazama watu. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ili nione vizuri, nikitafuta kichwa kimoja chenye mvi ambacho kingegeuka chenyewe, mzee yeyote, hata nisiyemjua, ambaye uso wake ungebadilika. Walishangilia wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, vile watu hushangilia kitu kipya. Kijana mmoja akaniuliza kama kweli ilikuwa inalia hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Noma sana, shosho," akaenda kununua soda.

Kila Jumamosi sasa naenda kuwaeleza wageni. Kendi amenipa kiti cha dereva, na watoto wa shule hunisikiliza wametulia, wala hawanikatizi hata nikikosea jina makusudi. Enzi zetu ungeongeza chumvi kidogo tu katika hadithi, watoto wa Ruiri wangekurukia wote kabla hujafunga mdomo. Leo nasema kweli tupu, wananiitikia kwa adabu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni kweli.