Hodi Kinywani mwa Bi Sahra

Nakumbuka asubuhi moja kule Saltley, Uingereza, miaka michache kabla ya korona, Bi Sahra alipotuambia, mimi na bintiye, kuna mtu anagonga. Nikaenda kufungua. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akajipiga kofi shavuni, akasema, "Huko siko. Anagonga humu."

Mwanangu, nilikuwa na mvi tayari, lakini katika kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao nilikuwa mtoto mchanga. Bi Sahra, Msomali aliyekulia Garissa, alipatwa na ugonjwa wa kusahau. Siku kadhaa alikuwa hali kitu, maji ya uvuguvugu tu. Kila nilipomshika kidevu nimsafishe meno, alibana midomo. Mara moja aliniuma kidole. Kisha akamnyooshea kidole mwanamke aliye ndani ya kioo cha bafuni. "Yule naye anayataka meno yangu. Mtazame anavyongoja."

Binti yake, Nasra, alikonda kuliko mamake. Jirani alishamnong'oneza kwamba hilo ni jini, na jini halitolewi kwa dawa ya meno. "Anti, hooyo asipokula wiki hii nitamzika," aliniambia, akimwita mamake kwa Kisomali chao.

Ndipo akaja daktari wa meno anayezunguka majumbani, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu. Alisimama mlangoni mwa bafu akanitazama nikipigana na mdomo ule.

"Dada, hebu wacha. Wewe ni mtunzaji ama ni askari wa jiji, wale kanjo, unabomoa kibanda cha mama wa watu?"

Nasra akacheka, mara ya kwanza siku zile. Mimi sikucheka.

"Mdomo ni nyumba ya mtu," akaendelea, sasa bila mzaha. "Umebisha hodi?"

Akachukua leso niliyojitanda, akafunika kioo. Akamketisha Bi Sahra sebuleni karibu na dirisha, naye akaketi mbele yake kwenye kigoda, chini kidogo. Akagonga mkono wa kiti kwa kidole. "Hodi, mama. Hodi hapa."

Bi Sahra alikuwa amelisahau jina la bintiye, lakini jibu hili hakulisahau. "Karibu," akasema, na taya zikalegea. Kisha akatazama juu ya bega la daktari. "Na huyo uliyekuja naye, mbona amesimama nje? Aingie."

Nasra na mimi tuligeuka. Mlango ulikuwa wazi, ukumbi mtupu, baridi ikiingia. Daktari hakugeuka.

"Anavua viatu, mama. Tuanze sisi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa ufizini. Jino lilikuwa limevunjika na kulegea, chini yake usaha. Daktari alizungumza na Nasra, akapiga ganzi, akaling'oa taratibu. Bi Sahra alitulia muda wote, macho mlangoni, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za nyumbani.

"Ameacha kugonga," akasema mwishowe. Jioni ile alimaliza bakuli la uji, na Nasra akaenda jikoni akalia machozi peke yake.

Kabla ya hapo, daktari alipokuwa akifunga mkoba, nilimuuliza kama aliona mtu.

"Mimi huona meno tu, dada."

Lakini alipofika mlangoni alijibana kando kidogo, kama anayempisha mwenzake.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, mwanangu, lakini mdomo wake huombwa ruhusa. Mzee wako akipotewa na maneno, usiharakishe kusema amepagawa. Akikataa chakula, akijipiga shavu, akitupa meno yake ya bandia, mwite daktari amtazame kinywa mapema. Msafishe ukiwa mbele yake, anakokuona. Mwache aushike mswaki mwenyewe, mkono wako juu ya wake. Asipoitika, rudi baadaye. Na akimwona usiyemwona wewe, usimbishie, wala usimkimbie.

Mungu akujalie uzee wenye meno. Na siku utakapomsahau hata anayekulisha, akuletee mtu atakayebisha hodi kwanza, na yule anayesimama nyuma yake awe ni mtu aliyekupenda.